Mitego ya inzi wa matunda: ndoo, kuba, chupa na karatasi ya gundi, ipi ya kununua kabla ya msimu wa maembe

Msimu wa maembe ukikaribia, maelezo ya muuzaji wa duka la pembejeo huwa yale yale, iwe Mkuranga, Muheza, Malindi au Makueni: chukua mtego huu, tundika mmoja katikati ya shamba, inzi watakwisha. Na kweli wataingia. Siku mbili tatu tu, mtego una mamia ya inzi na mwenye shamba roho imetulia. Mwezi mmoja baadaye anapasua dodo lililoiva vizuri, anakuta funza.

Mtego haukuharibika. Ulifanya kazi yake sawasawa, ila kazi hiyo siyo aliyoambiwa dukani. Mitego mingi inayouzwa kwa wakulima wa maembe ina kivutio cha madume peke yake. Madume hawatagi. Anayetoboa ganda la embe na kuacha mayai ndani ni jike, na jike hana habari na harufu ile. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha ndoo na kuba na chupa, uliza kwanza: ndani kuna kivutio gani?

Mhusika mkuu ni Bactrocera dorsalis, inzi mwenye asili ya Asia aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2003, pwani ya Kenya, na muda si mrefu akawa Tanzania na kwingineko. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens wakidhani ni aina mpya. Mwaka 2015 wakakubaliana kwamba ni yule yule wa Asia. Vipeperushi vya zamani vyenye jina la invadens vinamzungumzia huyu huyu. Ana mabawa maangavu yasiyo na madoa, mistari miwili ya njano ubavuni mwa kifua, na tumboni alama nyeusi ya herufi T. Yupo pia mwenyeji wetu, Ceratitis cosyra, mdogo kidogo, wa rangi ya njano, mwenye mabawa ya michirizi na vidoa vyeusi mgongoni. Tofauti hii si ya vitabuni tu: cosyra haji kabisa kwenye kivutio cha dorsalis. Mtego unaweza kukaa mtupu huku cosyra akitoboa maembe juu ya kichwa chako.

Sasa vivutio. Kile cha madume ya dorsalis huandikwa kwenye lebo "methyl eugenol". Ni mafuta yenye harufu inayokaribiana na karafuu, na ndiyo maana wapo wanaochukua mafuta ya karafuu ya Pemba wakayatia kwenye chupa wakitegemea matokeo yale yale. Hayapatikani. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, ndugu wa karibu, lakini inzi hadanganyiki kirahisi hivyo. Kivutio halisi kina nguvu ya ajabu: ukikitundika saa tatu au saa nne asubuhi mahali palipo na inzi, madume huanza kufika ndani ya dakika chache. Hilo ndilo jaribio bora la kujua kama umeuziwa kitu cha kweli. Nusu saa ikipita bila hata dume mmoja kwenye shamba ambalo msimu uliopita liliharibika, na embe zimeanza kukomaa, mrudie muuzaji.

Cosyra anataka kivutio kingine, cha terpinili asetati. Inzi wa matango, matikiti na maboga, Zeugodacus cucurbitae, ana chake kinachoitwa "cue-lure". Mkulima wa matikiti anayeuziwa kivutio cha maembe anapoteza hela yake yote, na mitego yenyewe kwa nje inafanana kabisa, basi ni lebo ndiyo ya kusomwa. Usichanganye vivutio viwili vya madume ndani ya mtego mmoja ukidhani utapata wote. Kila kimoja na mtego wake, na kila mtego na mti wake.

Kundi la pili la vivutio ni la chakula: protini. Jike anayejiandaa kutaga anahitaji protini ili mayai yakomae, kwa hiyo harufu ya hamira au protini iliyoyeyushwa humleta. Humleta dume pia, cosyra pia, na wadudu wengine wasiohusika. Haivutii kutoka mbali. Ni kitu cha mti huu na ule wa jirani. Lakini ndicho kivutio pekee kati ya hivi kinachomkamata anayeharibu embe.

Tukija kwenye vyombo vyenyewe, ndoo kavu ndiyo tunayoipa alama ya juu kwa kupima wingi wa inzi shambani. Ni kopo la plastiki lenye mfuniko na vitundu vitatu au vinne ubavuni, kitako mara nyingi cha njano. Ndani kunaning'inia kidonge cha kivutio kilichofyonzwa kwenye plastiki laini, na chini kuna kipande cha ukanda wa sumu. Inzi anaingia, anazunguka kidonge, analewa hewa ya sumu, anaanguka. Uzuri wake ni kwamba huhangaiki na maji, mizoga inabaki mikavu na inahesabika, na mvua ya vuli haiharibu kitu mradi mfuniko umekaa. Kidonge hudumu kati ya wiki 4 na 10 kutegemea joto. Pwani, Desemba na Januari, hesabu wiki 6 na usisubiri zaidi. Kasoro yake ni ule ukanda. Ndani mwake huwa na dichlorvos, sumu inayotoka kwa mvuke. Ukanda ukiisha nguvu kabla ya kidonge, madume wanaingia, wanalamba, wanatoka wazima. Ukiona inzi wanatambaa ndani bila kufa, tatizo ni ukanda, siyo kivutio. Usiuhifadhi jikoni wala chumbani, na usiuguse bila glavu.

Unaponunua ndoo, tazama vitundu kwa makini. Sentimita 2 hadi 2.5 ndiyo saizi. Vikiwa vikubwa zaidi, nyuki wanaingia na inzi wanapata mlango wa kutokea. Tazama pia ndoano ya kushikia kidonge: kidonge kikigusa ukuta, mafuta yanatapakaa, na baada ya wiki mtego mzima unanuka kivutio mpaka nje. Hapo madume wanatua juu ya mfuniko na kuhangaika huko huko, ndani hawaingii. Kosa hilo hilo linafanywa na mikono: mtu anashika kidonge, halafu anashika mtego kwa nje, kamba na tawi. Glavu moja ya kushika kidonge, nyingine ya kushika mtego. Na mwenye mikono yenye harufu ya kivutio cha madume asiende moja kwa moja kujaza mtego wa protini, maana atauharibia hesabu.

Kuba, ile yenye kitako cha njano na juu plastiki angavu, na mlango wake ni tundu la chini linaloinukia ndani, ndiyo ya protini. Umbo lake lina akili: inzi anaingia kwa chini akifuata harufu, akitaka kutoka anakimbilia kwenye mwanga juu, anagonga plastiki, anachoka, anaanguka kwenye maji. Hujazwa mililita 250 hadi 300 za kimiminika. Chaguo la kwanza la kujazia ni vidonge vya hamira aina ya torula, 3 hadi 5 kwa nusu lita ya maji. La pili ni protini iliyoyeyushwa ya dukani: sehemu 9 za protini, 3 za boraksi, 88 za maji, kwa uzito. Boraksi isiachwe. Inazuia mizoga isioze haraka na inazuia mchanganyiko usiwe mchachu. Ukichachuka, inzi wanaopatikana hupungua sana. Kenya masalia ya hamira ya viwanda vya bia yamekuwa yakitumika kutengenezea kivutio cha namna hii, jambo zuri kwa kuwa protini ya kuagiza nje bei yake huumiza.

Kuba ina kazi, na hapo ndipo wengi huishia njiani. Kimiminika kinatakiwa kubadilishwa kila wiki 1, ukizidi sana wiki 2. Kwenye jua kali kinakauka kabla ya hapo na mtego unabaki pambo. Kumwaga nako kuna adabu yake: usimwage chini ya mwembe huo huo, kwa sababu harufu itawavuta inzi waje ardhini badala ya mtegoni. Chuja kwenye kitambaa, hesabu, mwaga mbali au kwenye shimo. Kabla ya kulipa, jaza maji dukani na uitikise: kuba nyingi za bei ya chini huvuja pale kitako kinapoungana na kifuniko, na plastiki yake ya juu hugeuka ukungu baada ya msimu mmoja wa jua. Ikishapoteza uangavu, ile hila ya mwanga imekufa nayo.

Chupa ya maji ya lita 1.5 ni mshindani wa kweli, na hatuioni aibu kuisifia. Toboa vitundu vitatu au vinne kwa msumari uliopashwa moto, theluthi ya juu ya chupa, kila kimoja sentimita 2. Paka theluthi ya chini rangi ya njano. Kwa kivutio cha madume, funga pamba ya ukubwa wa kidole gumba kwenye waya unaopita kwenye kizibo, uidondoshee kivutio mpaka ilowe bila kuchuruzika, na chini mimina vidole viwili vya maji yenye matone machache ya sabuni isiyo na manukato. Sabuni inavunja ngozi ya maji, inzi anazama badala ya kutembea juu yake. Sabuni yenye harufu ya limau au waridi inavuruga kila kitu. Pamba hukauka mapema kuliko kidonge, hivyo kwenye joto ongeza kivutio kila baada ya wiki 3 au 4. Chupa inaweza pia kubeba protini, ila kina chake ni kirefu na mdomo wake mwembamba, kuisafisha kila wiki ni adha. Watu huishia kutupa na kutoboa nyingine, ambayo kwa kweli ni sawa tu.

Karatasi ya gundi ya njano, tunasema usinunue kwa maembe. Inakamata kila kitu: nyigu wadogo wanaoua mayai ya inzi, vumbi la barabara, majani, hata mijusi. Siku chache baada ya kutundikwa imejaa takataka na gundi haishiki tena. Kwenye banda la nyanya ina kazi yake. Kwenye mwembe haina.

Vibao vya kuua madume ni bidhaa nyingine inayouzwa kwa jina la mtego ingawa hainasi kitu. Dume anakuja, analamba, anafia kando. Ni kipande cha plaiwudi cha sentimita 5 kwa 5, unene kama sentimita 1.2, kilicholowekwa saa 48 au zaidi kwenye mchanganyiko wa alkoholi sehemu 6, kivutio sehemu 4 na malathioni sehemu 1. Kazi yake ni kumaliza madume ili majike wakose wa kupandana nao. Kinadharia imethibitika: kisiwa cha Rota, kwenye bahari ya Pasifiki, kilisafishwa dorsalis kwa njia hii miaka ya 1960. Lakini Rota ni kisiwa, na dawa ilisambazwa kisiwa kizima. Dume mmoja hupanda majike wengi, hivyo ukiua tisa kati ya kumi, yule wa kumi anatosha kuendeleza kizazi. Na shamba la ekari mbili lililozungukwa na miembe ya watu wasiotega halina bahari ya kulikinga. Majike waliokwisha kupandwa wanavuka mpaka wakiwa na mayai tayari. Mapendekezo mengi huanzia vibao 10 kwa hekta, na vinaleta maana kijiji kizima kikikubaliana kuvitundika pamoja. Mtu peke yake ananunua faraja.

Kutundika kuna sheria chache ambazo zikivunjwa hata mtego bora hufeli. Urefu wa mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, ndani ya kivuli cha mti lakini pasipo giza, upande upepo unakotokea, majani yanayogusa mtego yakatwe. Jua la moja kwa moja linachoma kivutio. Kisha waya: paka grisi sehemu yake ya katikati, urefu wa kiganja. Bila grisi majimoto, wale chungu wekundu wa mtini, wanashuka usiku, wanabeba mizoga yote, na asubuhi unaona mtego mtupu ukadhani inzi wameisha. Grisi iwe kwenye waya tu. Majimoto wenyewe waache mtini wanakojenga viota vyao vya majani. Utafiti uliofanywa Benin ulionyesha kwamba miembe yenye majimoto wengi hupata funza wachache zaidi, kwa kuwa jike hapendi kutaga pale wanapozurura. Wanauma wachumaji, kweli, lakini wanafanya kazi bure.

Hesabu ya mtego wa madume ndiyo faida yake kubwa, na wengi hawaifanyi. Chukua idadi ya inzi, gawanya kwa idadi ya mitego, gawanya tena kwa siku ilizokaa. Inzi 420 kwenye mitego 3 kwa siku 7 ni inzi 20 kwa mtego kwa siku. Namba hiyo peke yake haikuambii mengi. Iandike kila wiki, tangu matunda yana ukubwa wa yai hadi mavuno. Inapopanda ghafla ndipo dawa ya chambo, yaani protini iliyochanganywa na sumu, ianze kunyunyizwa au mavuno yaharakishwe. Embe lililochumwa likiwa limekomaa lakini bado gumu na la kijani linapona mara nyingi kuliko lililoachwa kuivia mtini. Na hakikisha unahesabu inzi sahihi. Wale vijinzi wadogo wa macho mekundu, wa ndizi iliyooza, hawahusiki hata wakiwa elfu.

Hakuna mtego kati ya hii unaoweza kushindana na maembe yaliyoachwa yakaoza chini ya mti. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai maishani, hata kupita elfu. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, funza hula kwa wiki moja hivi, kisha hutoka kwenye embe na kujichimbia sentimita chache udongoni, akageuka kidonge cha kahawia kama punje ya mchele, na siku kumi hivi baadaye ni inzi. Embe moja lililosahaulika linazalisha kuliko mtego unavyokamata. Okota yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki, tia kwenye mfuko mweusi wa plastiki usiotoboka, funga mdomo, acha juani wiki mbili. Ukifukia, shimo liwe na udongo wa nusu mita juu ya matunda. Chini ya hapo inzi wanachomoza. Angalia pia miti mingine ya uani. Mkungu wa kivuli na mpera ulioota wenyewe nyuma ya choo ndivyo vinavyowalisha dorsalis wakati maembe hayapo, na watu wa pwani huisahau mikungu kabisa.

Kwa mwenye miembe mitatu minne ya nyumbani: chupa za protini, moja kwa kila mti, na kuokota. Kivutio cha madume hakimhusu. Mwenye ekari moja hadi tano: ndoo kavu 1 au 2 za kupimia, kuba au chupa za protini kila mti wa pili au wa tatu kuanzia wiki 6 hadi 8 kabla ya mavuno, na akiweza, dawa ya chambo ya protini inayonyunyiziwa doa moja tu la mita moja ya mraba kwa kila mti, kila wiki, siyo mti mzima. Anayelenga soko la nje anahitaji yote hayo pamoja na daftari la hesabu: Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya inzi hawa, ikarudi mwaka 2021, na wanunuzi sasa huuliza kumbukumbu za mitego.

Dukani linganisha bei kwa wiki ya kazi. Kidonge cha wiki 6 kinaweza kuonekana ghali mbele ya kichupa cha mafuta, lakini kichupa hicho kimefunguliwa mara ngapi tangu kifike? Kivutio kilichokaa kwenye chupa angavu dirishani, juani, kimeshapoteza nguvu. Dai kilichofungwa kwenye karatasi ya aluminiamu, chenye tarehe, na kwa chochote chenye sumu tafuta namba ya usajili ya mamlaka ya viuatilifu: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni PCPB. Vidonge vya akiba vibaki kwenye mfuko wake ambao haujafunguliwa, mahali pa baridi na giza, mbali na vyakula, na mbali na mitego mitupu unayotaka kuitumia kwa protini.